Risasi ya kuwindia musi Norwei: bro ana 6.5, mzee anang'ang'ania .375. Wenye uzoefu njooni

Ngosha wa Nyegezi

Habari za muda huu wakuu. Naomba msaada kwenye jambo ambalo limeshavuruga grupu la familia, wawili wamejitoa na mama kasema hataki kusikia habari ya bunduki tena mpaka Jumapili ipite.

Iko hivi. Bro wangu mkubwa yuko Norwei, kaoa hukohuko, anakaa kijijini kabisa sehemu yenye misitu. Sasa wale watu kila mwaka ikifika tarehe 25 Septemba msimu wa kuwinda musi unafunguliwa, yule mnyama mkubwa wa nchi za baridi mwenye miguu mirefu na pua nene imelegea, na hapo kijiji kinahamia porini, hata fundi bomba humpati. Bro kasoma kozi yao ya uwindaji kafaulu, sasa kapokelewa kwenye timu ya baba mkwe wake. Mkwe kampa bunduki ya zamani ya familia, ni 6.5x55 (hizi namba ni unene wa risasi, 6.5 na 9.3 ni milimita, .30 na .375 ni sehemu ya inchi), ina kitako cha mti kimechakaa ila mtutu wake bado safi. Kwenye timu wenyewe kwa wenyewe hawaelewani, kuna wanaosema hiyo inatosha kabisa, kuna wanaomwambia aachane nayo anunue .30-06, afu kuna mzee mmoja anatembea na 9.3x62 anasema chini ya hapo ni kumtania mnyama.

Bro akaleta swali kwenye grupu maana dingi yetu ni mstaafu wa wanyamapori, kazunguka sana pori la akiba la Maswa na upande wa Serengeti. Mzee hata hakuuliza mnyama mwenyewe anafananaje. Katupa voisi ndefu, kwamba mnyama wa kilo mia tano hapigwi na kitu chini ya .375, na risasi iwe ile ngumu isiyopasuka ipite mpaka mwisho. Bro akamjibu kwa adabu tu kwamba risasi isiyopasuka kule ni kosa kisheria. Mzee akasema basi hiyo sheria wameitunga watu ambao hawajawahi kukimbizwa. Hapo ndo kikanuka.

Mimi bunduki naiona kwa mlinzi wa benki tu. Nataka kujua nani yuko sahihi, na kama 6.5 inafaa basi achukue risasi ya aina gani maana kanitumia picha ya rafu ya dukani kuna maboksi mpaka kichwa kinauma, kuna ya ledi, kuna ya shaba tupu, kuna greni (kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) 120, 140, 156, bei nazo zinapishana vibaya.

Mwaloni Original

Sisi huku Kirumba sangara wa kilo hamsini anatolewa na ndoano ya mia tano na hakuna aliyejitoa kwenye grupu 😂 ngoja waje wataalam, nimekaa pale na kahawa

PoroTupu

Mkuu kwanza msalimie mzee, watu wa Maswa wa zamani tunajuana hata kama hatujaonana. Mimi nimekuwa dereva wa gari la uwindaji vitaluni, baadae nikawa mfuatilia nyayo, nimebeba bunduki za wageni wa kila aina na nimeona nini kinaanguka na nini hakianguki.

Mzee wako hajakosea ila anamjibu mnyama mwingine. Hiyo .375 anayoisema, ile ya Holland & Holland ya mwaka 1912, ndo kipimo cha chini kwa mbogo na tembo, na ina sababu. Mbogo ukimjeruhi hakimbii tu, anazunguka anakusubiri kwenye kichaka. Ngozi nene, mbavu zimekaribiana, nyama ya bega kama ukuta, na risasi ya pili mara nyingi unampiga anaondoka kakupa matako, kwa hiyo inabidi ipite urefu wote wa tumbo lililojaa majani ndo ifike mapafuni. Pale ndo risasi ngumu inapohitajika. Mtu aliyefanya kazi hiyo miaka, ukimtajia kilo mia tano, picha inayomjia ni ya yule.

Lakini muulize mzee kwa heshima, pofu je? Pofu dume anapita kilo 700 vizuri tu, ni mzito kuliko huyo musi wa bro, na ni mara ngapi kaona pofu analala kwa .30-06 au .300 yenye kichwa kizuri? Atanyamaza kidogo afu atasema "pofu ni mpole". Na musi naye hivohivo, nijuavyo hana ile roho ya mbogo.

Kingine ambacho wazee hawapendi kusema ni teke la bunduki. Kuna wageni walikuwa wanashuka na midude mikubwa wameinunua kwa ajili ya safari tu, siku ya kwanza kambini tunawapeleka kupima shabaha. Bosi wetu alikuwa na mchezo wake, anakujazia bunduki yeye, na katikati ya risasi za kweli anachomeka moja ya bandia bila wewe kujua. Mgeni anavuta, kitu kinalia tik, na wote tunaona mtutu umezama chini na macho kafumba. Kumbe alikuwa anaogopa kishindo muda wote. Mtu wa hivo hata umpe mzinga atapiga tumbo, na tumbo ni tumbo hata kwa .375. Bro ajaribu huo mchezo na 6.5 yake, afu aombe .30-06 ya mtu ajaribu tena, na ile 9.3 ya mzee. Itamwambia ukweli kuliko sisi.

Mnyantuzu wa Baridi

Mwadila ng'wanawane. Hii mada nimeiona nikacheka peke yangu maana nimeishi Trøndelag hukohuko Norwei, kwanza masomoni baadae kikazi, na mwenye nyumba wangu alikuwa timu ya musi kwa hiyo kila mwaka mwishoni mwa Septemba nilikuwa nageuka mbeba nyama. Bunduki sikushika ila kusikiliza nimesikiliza sana, wale watu jioni hawana habari nyingine.

Tuanze na sheria maana ndo inamaliza nusu ya ugomvi. Kanuni ya Norwei haikutajii kaliba, yaani unene wa risasi, ya kununua. Inaangalia uzito wa kichwa cha risasi, ile sehemu inayoruka kutoka mtutuni, na nguvu kinayobaki nayo kikifika mita 100. Kichwa kisipungue gramu 9. Kikiwa kati ya gramu 9 na 10 lazima kifike mita 100 kikiwa bado na jouli 2700. Kikiwa gramu 10 kwenda juu wanakulegezea, 2200 inatosha. Na lazima kiwe cha kupanuka kikigonga nyama, kwa hiyo ile risasi ngumu ya mzee ndo imeishia hapo, wala siyo kwamba hawajakimbizwa, afu ukumbuke kwenye msako watu na mbwa wamepangwa kila upande, kitu kikipita kwa mnyama kikaendelea na nguvu zake zote kinaenda kumtafuta nani?

Sasa rudi kwenye rafu ya dukani. Greni 156 ni gramu 10.1, inaingia kwenye kundi la 2200, inatoka mtutuni kwa kama mita 780 kwa sekunde na ikifika mita 100 bado ina akiba. Hiyo ndo risasi ya wazee wa kule kwenye 6.5, ndefu, nzito kwa unene wake, inazama. Greni 140 ni gramu 9.07, yaani imevuka mstari kwa unywele, na kwa sababu hiyo inadaiwa zile 2700, nyingi ziko mpakani, boksi hili linapita boksi lile halipiti. Greni 120 hata gramu 8 haifiki, hiyo amuachie paa. Kwa hiyo watu wanadhani nyepesi yenye kasi ndo yenye nguvu lakini kwa kaliba hii kisheria nzito ndo inampa nafasi. Nyuma ya boksi huwa wameandika jedwali, asome mstari wa mita 100 siyo ule wa mtutuni.

Hiyo 6.5x55 asiidharau. Ni risasi ya jeshi la Sweden na Norwei ya tangu 1894, enzi hizo nchi mbili ziko chini ya mfalme mmoja, na imelaza musi wengi sana kule kabla ya hizi za magnamu, zile zenye baruti nyingi. Siyo nguvu, ni kwamba haipigi bega kwa hiyo watu wanaizoea, wanapiga panapotakiwa.

Na pale panapotakiwa ni mapafu. Mnyama akiwa kasimama ubavu, unafuata mguu wa mbele kwenda juu, nyuma yake kidogo, theluthi moja kutoka chini ya kifua, basi. Musi ana mapafu makubwa. Kila mwaka bro atafanya mtihani wa shabaha, risasi tano mita 100 kwenye umbo la mnyama, zote tano ziingie duara la sentimita 30, moja ikitoka umeanguka unarudia. Na kabla ya huo mtihani wanakudai risasi 30 za mazoezi. Sentimita 30 hizo ndo mapafu yenyewe ukiacha nafasi ya kutetemeka.

Kitu kimoja ajiandae nacho: musi akipigwa vizuri mara nyingi haonyeshi. Anasimama vilevile anakutazama, au anatembea taratibu kama hajasikia kitu, afu baada ya mita hamsini, mia, miguu inakwisha. Mgeni anaona amekosa, anashusha bunduki. Kule wanafundishwa akiwa bado kasimama ongeza ya pili, usingoje kumstaajabia.

Ngosha wa Nyegezi

Aisee Mnyantuzu ubarikiwe, hiyo ya gramu 9 na 10 nimempelekea bro, kasema kozi waliifundisha ila kwa Kinorwei cha kasi akakariri tu ajibu mtihani.

PoroTupu nimemuuliza mzee habari ya pofu. Kanyamaza kweli. Afu kasema "pofu ni mpole". Nimecheka mpaka kajua kuna kitu.

Swali la nyongeza, shemeji yangu ni mjamzito na friza la kule wanajaza nyama ya musi ya mwaka mzima. Kuna mtu kamwambia bro risasi za ledi zinaacha vumbi kwenye nyama, achukue shaba. Hii ni kweli au biashara?

Mama Lishe Buhongwa

Hili naomba nilijibu mimi, msinitazame jina, nimesomea lishe na nafanya kazi hospitali.

Ni kweli. Risasi ya ledi ikipanuka kwenye nyama inamwaga vipande, vingine huvioni kwa macho wala hutavisikia kwenye meno, na vinasambaa mbali na tundu lenyewe. Ukisaga nyama ya karibu na jeraha ndo umevichanganya kwenye kilo zote. Ledi mwilini haina kazi yoyote ya maana na anayeumia zaidi ni mtoto, aliyeko tumboni na mdogo, inaenda kwenye ubongo unaojengeka. Mtu mzima anayekula mara mojamoja sitamtisha, ila mjamzito anayekula musi mara tatu kwa wiki mwaka mzima, hapana.

Kama watatumia ledi basi wakate kwa ukarimu, siyo ile nyama iliyovilia damu tu, waende upana wa kiganja zaidi pande zote na wasimpe mbwa. Na ya kusaga itoke paja la nyuma, siyo bega lililopigwa. Kama wanaweza shaba, friza la mjamzito liwe la shaba. Na hao wenzake kwenye timu wanatumia nini? Maana nyama wanagawana, risasi ya bro peke yake haitoshi kuwa jibu.

Ngosha wa Nyegezi

Dah hilo la kugawana sikuliwaza hata kidogo. Ngoja nimuulize.

fundi_baruti

Mimi nilikuwa napita tu ila hapo kwenye shaba niongeze maana watu wanabadilisha bila kujua.

Shaba ni nyepesi kuliko ledi. Kichwa cha urefu uleule kikiwa cha shaba kinapungua uzito, ukitaka uzito uleule lazima kiwe kirefu zaidi, na mtutu una kikomo cha urefu wa kichwa unaoweza kukizungusha kikanyooka. Ndo maana za shaba kwenye 6.5 nyingi utakuta ni nyepesi, na bro anarudi kwenye ule mstari wa gramu alioeleza Mnyantuzu. Kabla hajalipa asome uzito kwenye boksi na aulize kanuni ya mwaka huohuo dukani au kwa kiongozi wa timu, asiende na ya miaka iliyopita.

Pili shaba inahitaji mwendo ili ifunguke. Karibu inafunguka vizuri mno, inapasuka petali zake nne au zaidi na kuendelea mbele bila kupoteza uzito, inatoka upande wa pili na kuacha tundu la damu la kufuatilia. Mbali sana mwendo ukishapungua inaweza kupita kama sindano. Kwa msitu wa kule ambako mtu anapiga chini ya mita mia siyo tatizo, lakini asianze kujipa moyo wa mita mia tatu.

Tatu, ukibadilisha aina ya risasi bunduki ileile inapiga pengine. Greni 156 ya ledi ikipiga katikati, ya shaba inaweza kwenda kushoto juu. Darubini inarekebishwa upya. Na mtutu uliokuwa unapiga ledi miaka hamsini usafishwe mpaka chini kabla ya kuanza shaba, na hapa namsemea mkwe maana hizo za urithi huwa hazijasafishwa tangu harusi ya babu.

Kama anataka ledi isiyomwagika sana basi kuna zile ambazo ledi imeunganishwa na koti lake, yaani ganda lake la nje, haziachani. Norma Oryx ni ya hivo na wanatengeneza ya 6.5 ya greni 156, wao wenyewe Norma wako Sweden hapo jirani. Lapua Mega ya Ufini pia ni greni 155, wazee wengi wanaipenda, hiyo ni ya ledi laini ya kawaida. Ya shaba, Norma wana Ecostrike na Lapua wana Naturalis. Sina hisa popote.

PoroTupu

fundi umeongea. Ila Mnyantuzu hapo kwenye mapafu tu nina neno. Vitaluni tulikuwa tunaambiwa bega, vunja bega aanguke palepale, maana akitembea mita mia kwenye majani ya Maswa jioni imeshaingia fisi anamaliza kabla yako. Kwanini huko wanaacha mnyama atembee?

Mnyantuzu wa Baridi

Swali zuri mkuu, na wenyewe huko wanabishana hilihili kila mwaka. Sababu ninazozijua mimi, moja ni nyama, bega la musi ni kilo nyingi na ukilivunja limejaa damu na vipande vya mfupa, unalitupa. Na kwa 6.5 hasa, mfupa mkubwa wa bega unaweza kuila risasi kabla haijafika ndani, mwenye 9.3 hana wasiwasi huo. Nyingine ni mbwa. Mara nyingi wanaenda na mbwa, wana wale wa kijivu mkia umejikunja, anaachiwa, anamtafuta musi anambwekea mpaka anasimama, mwindaji ananyata kwa upande wa upepo. Na sheria inadai kila timu iwe na mbwa aliyepitishwa wa kufuatilia majeruhi, awepo au waweze kumpata. Kwa hiyo mita mia za kutembea haziwatishi kama zinavyokutisha wewe mwenye fisi. Fisi hakuna.

Ila kama musi anaelekea mtoni au ziwani hapo wanavunja bega bila kuuliza. Huyu mnyama anaogelea hatari, akianguka katikati ya maji ya nyuzi tano wewe ndo utaingia kumvuta?

Mwaloni Original

Huyo aletwe huku tumfunge mtumbwi 😂😂 mafuta yamepanda

Boma la Zamani

Naona hakuna aliyeigusa 9.3x62 ya yule mzee na hiyo ndo inatuhusu kuliko zote.

Hiyo risasi ilibuniwa Berlin mwaka 1905 na fundi bunduki anaitwa Otto Bock, na haikubuniwa kwa ajili ya musi. Ilibuniwa kwa ajili ya Afrika. Wakati huo Wajerumani wako hapa, walowezi na maofisa wao wanahitaji bunduki ya kuzuia mnyama mkubwa, na zile bunduki za mitutu miwili za Waingereza bei yake mkulima haigusi. Bock akatengeneza risasi nene inayoingia kwenye Mauser ya kawaida ya bei nafuu, kichwa greni 285, gramu 18 na nusu, na ikaenea koloni za Kijerumani. Wale waliokaa kwenye lile jumba la kilimani hapo mjini kwetu Mwanza enzi za boma, ndo watu ilitengenezewa hiyo. Baadae ikarudi kaskazini, Waskandinavia wakaona kumbe inafaa kwa musi na kwa dubu, mpaka leo wanaipenda.

Kwa hiyo mzee wa Ngosha na mzee wa Norwei ni watu wamoja, wote wanaongea lugha ya mbogo. Mmoja ana haki ya kuiongea.

Ngosha wa Nyegezi

Boma la Zamani hii nimemsomea mzee kwa sauti, kaniambia nirudie jina la mji na mwaka. Sasa anataka bro anunue 9.3 😂 kaachana na .375 ghafla. Anasema kama ilitosha kwa mbogo wa hapa basi anaridhika. Nimewasha moto mwingine.

PoroTupu

Hahaha mwache mzee. Ila kiukweli 9.3 siyo wazo baya, kwa bunduki ya nguvu inasukuma kuliko kupiga, bega haliungui kama .300 za kasi. Kama bro anapanga kuwinda miaka mingi na siku moja aje kupiga mbogo huku kisheria na leseni yake, aulize kwanza kama kanuni itamruhusu maana hiyo iko chini ya .375 kwa unene kidogo. Ila mwaka wa kwanza hapana. Mwaka wa kwanza apige na ya mkwe.

kijana_wa_Igoma

Wakuu samahani mimi naona mnaongea kirahisi tu, mtu wa kawaida hapa Mwanza anaweza kupata hiyo .30-06 akaenda zake Maswa kutafuta nyumbu wa sikukuu?

PoroTupu

Kijana usianze. Bunduki kumiliki ni leseni ya polisi, inaanzia serikali ya mtaa inapanda mpaka juu, na kuwinda ni leseni nyingine ya wanyamapori, inakutajia mnyama gani, eneo gani, msimu gani. Ukiingia hifadhini na bunduki bila hivo vitu mzee wa Ngosha na wenzake hawakuulizi kaliba. Nenda ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, kaulize utaratibu wa uwindaji wa wenyeji, wanajibu vizuri tu, na nyumbu wa sikukuu utamuona kwa mbali.

Mama Lishe Buhongwa

Kuku wapo Igoma sokoni kijana 😅

Mnyantuzu wa Baridi

Ngosha kuna kitu nimesahau na kitamsaidia bro kuliko kaliba yoyote. Kule kiwambo cha kuzuia sauti ni halali, kinauzwa dukani kama miwani, wawindaji wengi wanacho. Najua huku ukikitaja watu wanafikiria majambazi. Kinapunguza kelele na kinapunguza teke pia, na kwa mtu mpya anayeogopa kishindo ndo dawa yenyewe. Ila akifunga apime shabaha upya, uzito mbele ya mtutu unahamisha risasi. Na hiyo ya urithi kama mtutu hauna nyuzi za kufungia kiwambo itabidi fundi auchonge, aombe ruhusa kwa mkwe kwanza, wengine bunduki ya babu haichongwi.

Ngosha wa Nyegezi

Nimeongea na bro jana usiku kwa video. Mkwe kakataa kuchonga, kama ulivosema. Ila kwenye mambo mengine tumefika mahali.

Timu nzima ni watu saba, watano wanatumia ledi. Bro kaomba kwenye kikao chao kwamba fungu lake la nyama litoke kwa mnyama aliyepigwa na shaba, na wakikosa basi achukue mapaja ya nyuma tu, na wamekubali bila maneno, kumbe mke wa mmoja wao naye ana mimba. Dukani zile za shaba za 6.5 zilizokuwepo kazipindua zote, hakuna iliyofika gramu 9. Kwa hiyo kanunua ya greni 156 ile ya ledi iliyounganishwa, ataanza nayo mazoezi wiki hii, na bega halivunji, mapafu tu, nyama ya karibu na tundu inatupwa.

Swali la mwisho nisiwachoshe. Risasi za mazoezi ni ghali, kuna jamaa kamwambia anunue za bei rahisi za kupigia shabaha afu zile nzuri azitunze za musi. Inafaa?

fundi_baruti

Za bei rahisi apige nyingi tu, za kuzoeza kidole, mkono na pumzi, akiwa amesimama, amepiga goti, ameegemea mti, siyo mezani kila siku. Hata zile zisizopanuka kwenye shabaha ya karatasi hazina shida, ila zisiingie mfuko mmoja na za porini, azitenge kabisa.

Lakini kurekebisha darubini na ule mtihani wa risasi tano afanye na zilezile za musi. Kwa hiyo boksi moja halitoshi. Anunue tatu kwa mpigo na aangalie namba ya loti, yaani kundi la risasi zilizotengenezwa pamoja, iliyopigwa muhuri kwenye kifuniko, zote ziwe loti moja, maana kiwanda kilekile, jina lilelile, baruti ya loti nyingine inaweza kusogeza tundu sentimita kadhaa. Moja ya kurekebishia na mtihani, moja ya porini, moja kabatini ya mwakani. Na akitoka dukani apige picha hiyo namba, boksi likiisha asirudi kununua kwa kukumbuka rangi ya karatasi.

Ngosha wa Nyegezi

Nimemtumia. Kanunua mawili, loti mbili tofauti 🤦🏾 anarudi dukani kesho kubadilisha moja kabla hajaifungua.